Kusoma ng'ambo na ombi la visa: fedha za kuazima, shamba la mirathi na ahadi ya msafiri

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ali zake na maswahaba zake. Ama baad.

SWALI

Assalaamu alaykum, Sheikh. Sisi ni familia ya Lushoto, mkoa wa Tanga, na tuna jamaa zetu Pemba ambao ndio waliotuelekeza kwenu. Baba yetu amefariki mwaka uliopita. Ameacha mke mmoja, ambaye ni mama yetu, watoto wa kiume wawili na wa kike wawili, na shamba la mboga upande wa Soni. Babu na bibi walishatangulia mbele ya haki. Mdogo wangu wa kiume amemaliza kidato cha sita na amekubaliwa na chuo kimoja cha Uingereza. Wakala anasema lazima fedha zionekane zimekaa benki siku 28. Atatutafutia mtu wa kutuwekea fedha hizo, visa ikitoka zirudishwe, nasi tumpe mwenye fedha shilingi milioni mbili kama shukrani. Wengine katika familia wanasema bora tuuze shamba. Mdogo wetu wa mwisho ni wa kike, ana miaka 12. Tufanye lipi?

JIBU

Wa alaykumus-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Allah amrehemu mzee wenu na amfanyie wepesi kijana.

Jibu kwa ufupi ni hili. Fedha za kuazima ili zionekane benki hazijuzu, na ile milioni mbili ni riba juu ya udanganyifu. Shamba halijuzu kuuzwa lote kwa ajili ya mtoto mmoja, kwa sababu ndani yake imo haki ya yatima. Safari ya elimu yenyewe ni kheri, na mlango wake haujafungwa, lakini inataka mpango ulioanza mapema na unaolingana na uwezo wa familia.

Swali hili si la Lushoto peke yake. Pemba huuzwa mikarafuu, Unguja huuzwa kiwanja, milimani huuzwa shamba la kabichi, na jambo ni lile lile. Kwa hivyo tumeona tulieleze kwa urefu kidogo, ili kila familia yenye kijana wa skuli ipate kulitumia.

Kwanza: hukumu ya safari yenyewe

Kusafiri kwa ajili ya elimu ni katika mambo yaliyosifiwa katika dini. Suratut-Tawba, aya ya 122, inataja kundi linalotoka kwenda kujifunza kisha likarudi kuwafundisha watu wao. Hapa pana mambo mawili: kutoka na kurudi na faida. Elimu ya tiba, uhandisi, kilimo au sheria ni katika faradhi za kutosheleza, umma ukikosa watu wake wote huingia katika lawama.

Lakini safari ikiwa ni kheri, haina maana kwamba kila njia ya kuifikia ni halali. Aendaye Hija kwa mali ya wizi hasemi kuwa Hija ni nguzo ya Uislamu. Njia nayo huulizwa.

Kwa watoto wa kike, wanachuoni wengi wanashurutisha mahram katika safari isiyo ya faradhi, na huo ndio msimamo unaotegemewa katika madhehebu yetu ya Shafi. Wapo wanachuoni wa zama hizi walioruhusu pale njia inapokuwa salama na makaazi yakawa ya uhakika pamoja na wanawake waaminifu. Mzazi anayemsafirisha binti yake aanze kwa kutafuta mahram wa kumfikisha, na chuo chenye mabweni ya wanawake au familia ya Kiislamu ya kumpokea. Hilo lipangwe kabla ya ada, si baada yake.

Pili: je, ni lazima iwe ng'ambo?

Baba na mama wajiulize: fani hii haipatikani nyumbani? Zanzibar ina Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA), Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu, na Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Tangu mwaka 2023 ipo Bweleo tawi la IIT Madras, la kwanza la taasisi za IIT kufunguliwa nje ya India. Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Waislamu. Hapo Lushoto penyewe kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na kijana wa kisiwani anayetaka sheria huvuka bahari akapanda mlima kutoka Mombo kwenda kusoma hapo. Hiyo nayo ni safari ya elimu.

Mwanafunzi anayesoma nchini anaweza kuomba mkopo wa serikali: Bara kupitia HESLB, na Zanzibar kupitia Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha katika mikopo ya HESLB, iliyowatia Waislamu wengi wasiwasi wa riba, iliondolewa mwaka 2021. Anayekopa asome masharti ya mkataba wake, na akipata shaka amuulize mwanachuoni kabla ya kutia saini.

Njia ambayo familia nyingi hazifikirii ni shahada ya kwanza nyumbani, ya pili ng'ambo. Kijana huwa amekua, dini yake imeshika mizizi, na nafasi za ufadhili kwa shahada ya pili ni nyingi.

Ikiwa jibu bado ni ng'ambo, hakikisheni mambo mawili kabla ya kulipa hata shilingi. Chuo kiwe kinatambuliwa katika nchi yake, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) iwe itaitambua shahada hiyo. TCU ndiyo inayotoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ndiyo itakayotambua tuzo yake akirudi. Wapo waliorudi na karatasi nzuri yenye muhuri, wasiweze kuajiriwa kwayo.

Tatu: kalenda ya familia

Uongo mwingi katika maombi ya visa huzaliwa na haraka. Barua ya chuo imefika, tarehe zimebana, hapo ndipo wakala anaposikilizwa. Anayeanza miezi 18 hadi 24 kabla ya masomo huwa hana haja naye.

*Kijana akiwa kidato cha tano:* Tazameni majina yake. Hili ndilo linalowakwamisha watu wetu kuliko mengine. Cheti cha kuzaliwa kinasema Muhammed, cheti cha kidato cha nne kinasema Mohamed, kitambulisho kina jina la babu na cheti hakina. Majina yote yawe sawa, kwa herufi na kwa mpangilio. Bara vyeti vya kuzaliwa viko chini ya RITA, na Zanzibar viko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Marekebisho na viapo vya majina huchukua muda, basi yaanzwe sasa.

*Mwaka mmoja kabla:* Ombeni pasipoti. Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania, iliyozinduliwa mwaka 2018, ada yake ni shilingi 150,000. Ombi hujazwa kwa njia ya mtandao wa Uhamiaji, kisha mwombaji hufika ofisini mwenyewe na vyeti vyake, cha kuzaliwa cha mzazi pamoja navyo. Chuo kikitaka mtihani wa Kiingereza kama IELTS, ufanywe wakati huu, kwani matokeo yake hutumika kwa miaka miwili.

*Miezi minane hadi kumi kabla:* Ombeni ufadhili. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, kwa kawaida, hupokea maombi kuanzia 10 Januari hadi 20 Februari. Kuomba hakulipiwi, na anayepata hulipiwa ada, malazi, bima ya afya, mwaka wa lugha na tiketi, pamoja na posho ya kila mwezi. Kwa shahada ya kwanza mwombaji awe chini ya miaka 21. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, nacho husomesha kwa ufadhili. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ina mpango ulioanza mwaka 1983 kwa ajili ya jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama, na Tanzania ni miongoni mwao. Ulijengwa juu ya qardh hasan, mkopo usio na riba. Kwa shahada ya pili, Uingereza ina Chevening, inayotaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo.

*Miezi mitatu hadi sita kabla:* Ombeni visa, mkiwa na barua ya chuo, fedha na vyeti vyote.

Na katika hesabu msisahau safari za ndani. Alama za vidole, vipimo na usaili kwa nchi nyingi hufanyika Dar es Salaam. Mtu wa Lushoto atashuka Mombo na kupanda basi, na mtu wa Wete atapanda boti, tena pengine mara mbili au tatu. Nauli na malazi hayo yaandikwe.

Nne: hesabu ya fedha na shamba la mirathi

Tuifanye hesabu ya Uingereza, kwa kuwa ndiyo iliyoulizwa. Mwombaji anatakiwa aonyeshe ada ya mwaka wa kwanza ambayo bado hajailipa, pamoja na fedha za kuishi kwa miezi 9. Fedha za kuishi ni zaidi ya pauni 1,100 kwa mwezi nje ya London, na zaidi ya pauni 1,500 ndani ya London. Kwa hivyo nje ya London peke yake ni zaidi ya pauni 10,000. Ada ya chuo kwa mgeni, katika vyuo vingi, hupita pauni 15,000 kwa mwaka. Ongezeni ada ya visa, zaidi ya pauni 500, na ada ya huduma ya afya pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, hulipwa yote mwanzoni. Mwaka wa kwanza, kabla ya tiketi, unapita shilingi milioni 75. Na shahada ni miaka mitatu au zaidi.

Sasa tulitazame shamba. Baba akifariki, shamba si la familia kwa ujumla, wala si la mtoto mkubwa. Baada ya kulipwa madeni na wasia, kila mrithi ana fungu lake. Kwa hali mliyoieleza, mama ana thumuni moja kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume kwa mafungu mawili na wa kike kwa fungu moja.

Tuseme, kwa mfano tu, shamba lina thamani ya shilingi milioni 48. Mama atapata milioni 6, kila mtoto wa kiume milioni 14, na kila mtoto wa kike milioni 7. Jumla ni milioni 48.

Hapa pana mambo matatu.

La kwanza, yule binti wa miaka 12 ni yatima na hajabaleghe kisheria ya kutoa mali yake. Milioni 7 zake haziguswi, hata kama mama na ndugu wote wameridhia, hata kama yeye mwenyewe amesema "mpeni kaka". Ridhaa ya mtoto katika kutoa mali haizingatiwi. Onyo la Suratun-Nisaa, aya ya 10, juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma linatosha kumtisha mwenye imani. Ardhi ya yatima huuzwa kwa haja yake mwenyewe au kwa faida yake iliyo wazi, chini ya msimamizi wa kisheria, wala masomo ya kaka yake si haja yake yeye. Naye kesho atataka kusoma.

La pili, warithi waliobaleghe wanaweza kumsaidia ndugu yao kwa mafungu yao, kwa ridhaa ya kweli. Ridhaa ya dada aliyenyamaza kwa kuona haya mbele ya kikao cha wanaume si ridhaa. Kila mmoja akabidhiwe haki yake kwanza, aijue ni kiasi gani, ndipo aulizwe.

La tatu, hata shamba lote lingeuzwa, lisingefikia mwaka mmoja. Familia ingebaki haina shamba, na kijana angerudi mwaka wa pili hana ada.

Mirathi hii ipitishwe kisheria. Huko Lushoto, msimamizi wa mirathi huthibitishwa na Mahakama ya Mwanzo, na familia ieleze kwamba marehemu alikuwa Muislamu na mirathi yake igawiwe kwa sheria ya Kiislamu. Visiwani ipo Mahakama ya Kadhi, na ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Na kwa wazazi walio hai: mkimtolea mtoto mmoja mali nyingi kwa masomo, wakumbukeni wengine. Katika Hadithi ya Nu'man bin Bashir, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikataa kuwa shahidi wa zawadi aliyopewa mtoto mmoja bila ya wenzake, akaamrisha uadilifu baina ya watoto. Haina maana kila mmoja apewe kiasi sawa cha ada, kwani mahitaji hutofautiana. Maana yake asipatikane mtoto aliyefungiwa mlango kwa sababu tu ni wa kike au ni wa mke mwingine.

Vyanzo vya halali ni akiba ya mapema, michango ya ukoo, qardh hasan iliyoandikwa na kushuhudiwa, na ufadhili. Zaka nayo ina nafasi. Imam Nawawi na wengine katika Mashafi wametaja kwamba mwenye kushughulika na elimu ya sheria, ambaye kazi ingemzuia asisome, anaweza kupewa zaka akiwa fakiri. Wanachuoni wa leo wengi wameingiza humo elimu nyengine yenye manufaa kwa umma.

Tano: visa ni ahadi

Mafakihi wa zamani waliandika sana juu ya mtu anayeingia nchi ya watu wengine kwa amani waliyompa. Wakakubaliana kwamba, akishaingia kwa amani yao, ni haramu kwake kuwakhini katika mali zao na damu zao. Visa ndiyo amani hiyo kwa zama zetu. Anayejaza fomu na kutia saini kwamba aliyoyasema ni kweli amefunga ahadi, na Suratul-Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watekeleze ahadi zao. Haikusema ahadi za Waislamu peke yao.

Watu wa Lushoto wanaijua biashara ya tenga la nyanya. Juu zimepangwa zilizoiva vizuri, chini zimejazwa zilizopondeka. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta majimaji chini. Muuzaji akasema mvua ndiyo iliyokinyeshea. Akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akamkemea vikali kila mwenye kughushi. Hadithi hii iko kwa Muslim. Taarifa ya benki yenye fedha za kuazima ni tenga hilo hilo.

Tazameni sasa mkataba wa wakala wenu. Mtu anawapa mkopo wa fedha kwa mwezi mmoja, na sharti la kumrudishia zaidi ya alichotoa. Kuiita ziada hiyo "shukrani" hakubadilishi kitu, kwani imeshurutishwa tangu mwanzo. Hiyo ni riba. Na lengo la mkopo ni kumfanya ofisa aamini jambo lisilokuwepo. Hayo ni makosa mawili katika karatasi moja.

Na kwa upande wa dunia, mpango wenyewe ni mbovu. Kanuni ya Uingereza inataka fedha zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na siku ya mwisho ya taarifa isizidi siku 31 kabla ya kuomba. Akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi au mlezi wa kisheria, pamoja na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi. Akaunti ya kaka, mjomba au rafiki wa wakala haikubaliki. Ofisa anaweza kuwasiliana na benki, na anaweza kumwita kijana katika usaili amuulize fedha hizi zimetoka wapi. Familia ya wakulima iliyoingiziwa makumi ya mamilioni kwa siku moja itaulizwa tu. Anayebainika kudanganya anaweza kufungiwa maombi yake kwa miaka 10. Kwa Marekani, udanganyifu katika ombi la visa unaweza kumfungia mtu maisha yake yote. Kijana wa miaka 19 asiuziwe mzigo huo.

Hukumu hii inaingia pia katika vyeti vya kughushi, barua za kazi zisizo za kweli, mzazi wa kuazima, na anayeomba visa ya masomo ilhali nia yake ni kwenda kufanya kazi. Huko Uingereza mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Anayezidisha kwa siri amevunja ahadi aliyoingia nayo.

Sita: nchi kwa ufupi

*Uingereza:* Chuo hutoa namba ya uthibitisho iitwayo CAS. Ombi haliwasilishwi zaidi ya miezi 6 kabla ya masomo kuanza. Mtanzania anatakiwa apime kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa.

*Ujerumani:* Vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, lakini mwanafunzi huweka katika akaunti maalumu fedha za mwaka mzima, yuro 11,904 kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024, na huruhusiwa kutoa sehemu yake kila mwezi.

*Uturuki:* Baada ya visa, mwanafunzi aombe kibali cha kuishi ndani ya mwezi mmoja wa kuwasili.

*Uchina:* Visa ya masomo ya muda mrefu huitwa X1. Chuo hutuma fomu ya JW201 au JW202, na kibali cha kuishi huombwa ndani ya siku 30 za kuwasili.

*Malaysia:* Kibali hupitia taasisi ya EMGS kabla ya kusafiri. Huko kipo Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu, kilichoanzishwa mwaka 1983.

*Marekani:* Visa ni F-1, na chuo hutoa fomu ya I-20. Masharti kwa raia wa nchi mbalimbali yamebadilika mara kadhaa tangu 2025, basi ulizeni ubalozini kabla ya kulipa chochote.

Viwango na kanuni hubadilika kila mwaka kwa nchi zote. Soma tovuti rasmi ya serikali husika siku unayoomba.

Saba: wakala, na kukataliwa

Wakala si haramu. Ni ajiri, na ujira wake ni halali kwa kazi ya halali. TCU husimamia mawakala wa vyuo vya nje na kuwapa vibali, basi ulizeni kibali chake. Ada ya chuo ilipwe kwenye akaunti ya chuo, kwa stakabadhi. Vyeti vya asili asibaki navyo. Fomu ya visa kijana aisome mwenyewe mstari kwa mstari kabla haijatumwa, kwani saini ni yake na dhambi ya kilichomo ni yake. Wakala anayesema "visa ni uhakika" anaahidi asichokimiliki.

Ombi likikataliwa, someni sababu zilizoandikwa, rekebisheni upungufu, na muombe tena kwa ukweli ule ule. Fomu nyingi huuliza kama umewahi kunyimwa visa. Jibuni ndiyo. Kunyimwa visa si aibu, na kuficha ni uongo mpya.

Nane: akishafika

Kijana ajiandikishe katika ubalozi wetu. Aprili 2023 vita vilipozuka Sudan, ambako vijana wetu wengi wamesoma, serikali iliwarudisha Watanzania takribani mia mbili kupitia Ethiopia, wengi wao wanafunzi. Mwanafunzi ambaye ubalozi haumjui hupatikana kwa tabu siku kama hiyo. Awe na nakala za vyeti vyake kwenye barua pepe. Aujue msikiti na chama cha wanafunzi wa Kiislamu kabla ya kuchagua chumba. Na wazazi wampigie simu kumuuliza swala kabla ya kumuuliza mitihani.

Ushauri wetu kwa familia ya Lushoto

Mwambieni wakala kwamba mpango wa fedha mmeukataa, na msilipe chochote kwake. Fungueni mirathi, gaweni, na fungu la binti liandikwe kwa jina lake. Chuo cha Uingereza kiandikieni kuomba kuahirisha nafasi hadi mwaka ujao, na kuuliza kama kina msamaha wa ada. Kijana aombe ufadhili wa Uturuki dirisha likifunguka Januari, na wakati huo huo aombe chuo cha nchini pamoja na mkopo, ili asikae bure. Shamba liendelee kulimwa, na kila mrithi apate sehemu yake katika mavuno.

Mwaka mmoja wa kusubiri si hasara kwa kijana wa umri wake. Na akisafiri, atasafiri akiwa hana deni la yatima shingoni, wala uongo katika fomu unaomfanya aogope kila bahasha ya serikali inayopita chini ya mlango wake.

Tunamuomba Allah awape vijana wetu elimu yenye manufaa, riziki ya halali na marejeo mema.

Wallahu a'alam.